Nati za Katikati Kwanza

Makambako,
Tanganyika.
13 Julai, 1953

Bwana Mhariri,

Pokea salaam za mtu mwenye grisi mikononi, na ukiona alama ya kidole gumba pembeni mwa karatasi hii usidhani kwamba mwandishi hajui kutia sahihi. Mimi ni fundi wa magari hapa Makambako, mahali barabara ya Njombe inapoagana na ile ya Mbeya. Gazeti lako nalisoma mwaka wa nne huu, ingawa mara nyingi hunifikia likiwa limekwisha kufungiwa sukari. Nimeona wenzangu wakikuandikia juu ya mbwa wasiofungwa na juu ya vijana wanaochana nywele kwa njia pembeni, nami nikashukuru kwamba sina shida za namna hiyo. Sasa ninayo, na imewapita mbwa kwa mbali.

Ombi langu ni hili. Naiomba Serikali, kwa njia ya gazeti lako, itunge sheria kwamba katika nchi yote ya Ubena mtoto wa katikati ndiye atakayehesabiwa kuwa mkubwa wa nyumba. Tafadhali usicheke kabla hujasoma sababu. Nimezipa namba ili zikifika kwa Bwana Shauri wa bomani asipotee njiani.

Kwanza uwafahamu watu wenyewe. Kuna mzee mmoja anaitwa Hezekia, kifungua mimba wa nyumba ya ndugu saba, wote wanaume, wote hai, wote wana maoni. Kijiji chao kiko nusu ya njia kati ya hapa na Njombe. Ndugu hawa saba, kila mmoja kwa ng'ombe wake, walinunua lori la mwaka 1928 kwa mlowezi aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Lori lilikuwa limelala bandani miaka mingi na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Niliitwa niifungue injini, niisafishe, niifunge upya.

Sikuitwa kwa ufundi wangu tu. Mzee Hezekia ana binti, Ida, aliyesoma shule ya misheni akasoma vizuri, na tangu mwaka jana nimetuma mshenga. Nampenda, Bwana Mhariri. Naliandika hili waziwazi kwa sababu kijiji kizima kinajua na wewe peke yako ndiye ulikuwa hujui. Jibu la Mzee lilikuwa fupi: lori litoke uani kwake, lifike Makambako, lirudi, bila rejeta kuongezwa maji hata kikombe kimoja. Likirudi hivyo, mshenga aje. Lisiporudi hivyo, mshenga apumzike.

Sasa malalamiko.

1. Kuhusu kuchagua gasketi. Kwa wasomaji wasio mafundi nieleze kwamba injini ina sehemu mbili zinazokutana. Chini ni silinda, ambamo moto unawaka. Juu ni kifuniko kizito cha chuma, ambacho sisi tunakiita hedi. Baina yao hukaa gasketi, bamba jembamba lenye matundu, na kazi yake ni kuzuia moto, maji na mafuta visitembeleane. Injini ya 1928 hawaitengenezei gasketi siku hizi. Dukani hapa nilipata moja ya injini changa zaidi, ikaingia kwenye boliti vizuri sana, lakini matundu yake ya maji hayakukutana na matundu ya hedi. Ukiiweka hiyo, maji hayana pa kupita, na injini itachemka kabla hujatoka uani.

Nilipowaeleza haya wazee, walikaa kikao. Kesho yake kila mmoja alinijia na gasketi ya kwake. Mzee Hezekia alileta ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa vizuri. Wa tatu alileta jalada la daftari la shule. Silvesta, kitinda mimba, ambaye anafanya kazi ya miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, alileta gome la mwati, kwa kuwa kwake yeye hakuna jambo chini ya jua ambalo gome la mwati haliwezi. Kwa heshima ya mkwe mtarajiwa niliijaribu ngozi. Injini ilinguruma dakika nne, uwanja ukanukia nyama ya kuchoma, na mbwa wakaja kutoka vijiji viwili.

Ndipo nikapata birika kuukuu la shaba nyekundu lililotoboka kitako, kubwa la kutosha kukata gasketi tatu, si nne. Niliinyoosha shaba, nikaikata kwa kufuata hedi yenyewe, nikayapiga msasa matundu yasiwe na kingo. Kisha shaba inatakiwa ichomwe moto mpaka iwe nyekundu na kutumbukizwa majini, ili ilainike na kujaza kila bonde dogo la chuma. Hapo akasimama Nahumu, wa pili kuzaliwa, ambaye ni mhunzi na mwana wa mhunzi. Alinieleza mbele ya watu kwamba amechovya majembe majini tangu mimi sijazaliwa, na kwamba kila alichokichovya kikiwa chekundu kilitoka kigumu, basi mimi nataka kuharibu shaba ya watu. Ilinibidi nichome kipande, nikichovye, nimpe akiume. Alikiuma, kikaingia alama za meno. Siku ya tatu akaanza kuwafundisha wengine jambo hilo kama lake.

Hayo niliyavumilia. Mabaya yanakuja.

2. Kuhusu nati na umri. Hedi ya lori hili imefungwa kwa nati kumi na nne, zilizojipanga safu mbili, saba upande huu na saba upande ule, kutoka kwenye rejeta kurudi nyuma kwa dereva. Ndugu ni saba. Bwana Mhariri, umekwisha kuona.

Katika nyumba ya Mzee Hezekia, mali ya wote haitengenezwi na mgeni peke yake. Wakijenga ghala, kifungua mimba husimamisha nguzo ya kwanza, wa pili ya pili, mpaka kwa Silvesta. Hivyo hivyo wakasema kila mmoja atakaza nati zake mbili, kwa mpango wa kuzaliwa. Jozi ya kwanza, ile ya karibu na rejeta, ikawa ya Mzee Hezekia. Ya pili ya Nahumu. Ya saba, ya nyuma kabisa, ya Silvesta.

Lakini gasketi haijui nani alizaliwa lini. Inataka ianze kubanwa katikati, halafu huku na huku kwenda pembeni, kama mama anavyopapasa kitambaa cha meza ili kisibaki na kunyanzi. Tena inataka ibanwe kidogo kidogo kwa mizunguko mitatu, na baada ya injini kupata moto na kupoa ikazwe tena. Niliyasema haya yote kwa sauti ya chini, nikiwa nimevua kofia. Nikajibiwa kwamba katikati ni kwa mtoto wa nne, na mtoto wa nne hawezi kumtangulia wa kwanza. Na kuhusu mizunguko mitatu, Mzee Hezekia alisema kwamba yeye akimaliza jambo amelimaliza; kurudia nati aliyokwisha kuikaza ni kuwaambia majirani kwamba mara ya kwanza alishindwa.

Wakakaza kwa umri. Gasketi ya kwanza ya shaba haikufika nje ya ua.

3. Kuhusu nguvu. Mzee Hezekia yu karibu na miaka sabini. Akishika spana huivuta kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Silvesta yeye huiongezea spana bomba la chuma, hukanyaga gurudumu, na kushusha pumzi ambayo hata kuku wanaijua. Matokeo yake gasketi huku mbele inaelea na huku nyuma imekuwa karatasi ya kuvutia sigara. Nilipomwomba Silvesta apunguze, aliuliza kama namfananisha na mtu asiyeshiba. Nilipomwomba Mzee aongeze, sikumwomba. Ningemwombaje? Ni baba yake Ida.

4. Kuhusu Kefa. Huyu ndiye mtoto wa nne, mwenye nati za katikati, mtu mpole wa bustani ya viazi. Kwa gasketi ya pili nilimwita pembeni nikamnong'oneza aje mapema, akaze nati zake kabla kaka zake hawajafika, halafu anyamaze. Alikuja. Alikaza. Hakunyamaza. Jioni hiyo nyama ilipoletwa, Kefa alinyoosha mkono akachukua kipande cha kwanza, akasema kwamba fundi amemthibitisha kuwa yeye ndiye anayeshikilia injini. Ndugu sita waliondoka bila kunawa mikono. Lori lilikaa chini ya turubai siku tisa, nami nikaonekana kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kuja kuigawanya. Ilibidi nilegeze nati za Kefa mbele ya mashahidi, na ukoo mzima ukaanza upya kwa Mzee Hezekia, pale pale kwenye rejeta.

5. Kuhusu safari. Tuliondoka siku ya Jumanne, jalidi bado nyeupe majanini, ndugu saba na magunia ya viazi nyuma, Ida akiwa amepewa nafasi mbele kwa sababu alikuwa anapeleka barua posta. Maili tatu za kwanza sitazisahau. Injini iliimba. Ida alinisifu. Nilianza kufikiri majina ya watoto.

Kwenye mpando wa kwanza moshi mweupe ukatoka nyuma, na maji yakaanza kutiririka mbele, upande wa nati za Mzee Hezekia. Tuliteka maji mtoni mara kumi na moja. Bwana Mhariri, masharti yalisema hata kikombe kimoja kisiongezwe, nasi tuliongeza ndoo kumi na moja, na aliyezihesabu kwa sauti alikuwa Silvesta. Makambako hatukufika. Tulirudi tukisukumwa na watu waliokuwa wanatoka gulioni, na kila mmoja wao alikuwa na ushauri. Ida alicheka mpaka akashika mlango. Sikumkasirikia, maana hata mimi ningecheka kama lingekuwa lori la fundi mwingine.

Sasa mambo yamefika hapa: birika limekwisha, imebaki gasketi moja. Na yuko karani mmoja, Efraimu, kijana safi, ambaye naye ametuma mshenga, na ambaye humtembelea Mzee Hezekia kwa baiskeli. Baiskeli haina gasketi, Bwana Mhariri. Inafika Makambako, inarudi, haidai maji. Mzee ameanza kuitazama baiskeli hiyo kwa namna isiyonipendeza.

6. Kuhusu sheria ninayoiomba. Nimekaa nimefikiri, nimeona kosa si la wazee. Kosa ni kwamba nchi yote imezoea kuanzia pembeni. Kwa hiyo sheria ikitoka isiishie kwenye injini, maana watu wakiruhusiwa kuanzia pembeni mezani watasahau wakifika kwenye hedi.

Nyama igawiwe kuanzia kwa mtoto wa katikati, kisha huku na huku. Kanisani waumini waanze kukaa benchi za katikati, na wanaochelewa wajaze mbele na nyuma, hivyo mahubiri yatabanwa sawasawa na hakuna neno litakalovuja mlangoni. Wimbo wenye beti tano uanzwe ubeti wa tatu. Juma lianze Jumatano. Wanaokwenda kulipa kodi bomani wapange mstari kama kawaida, lakini karani aanze kumwita yule wa katikati, na wa mbele wajifunze subira. Na kwa unyenyekevu mkubwa naongeza kwamba Serikali yenyewe imejenga makao yake pwani, kwenye ukingo kabisa wa nchi, kama nati ya Mzee Hezekia. Labda ndiyo sababu habari nyingi zikitoka huko huvuja zote njiani kabla hazijafika Njombe. Ingehamia katikati ikakazwa hapo, hata sisi wa huku mwisho tungesikia kwamba tumebanwa.

Najua wako watakaosema fundi huyu anatafuta faida yake. Mimi sina faida yoyote. Nataka gasketi ikae.

Nakuomba uichapishe barua hii nzima, mahali panapoonekana, ikiwezekana ukurasa wa katikati. Nisalimie mpiga chapa wako na wote wanaoshika mashine hapo kwenu, na kama mashine yenyewe ina nati, wanajua sasa waanzie wapi. Wape kamwene, salamu ya kwetu, wasomaji wote kutoka Mawengi mpaka Igwachanya, wazee kwa vijana, na hasa wale waliozaliwa wana kaka juu na wadogo chini. Namaliza hapa, karatasi imekwisha na mteja ananipigia honi.

Ni mimi wako mtiifu,
Enoki,
Fundi wa Magari.

Nyongeza, Ijumaa 17 Julai.

Bwana Mhariri, barua hii haikuondoka Jumatatu. Nilikwenda nayo kijijini kwao, nikampa Ida anisahihishie herufi na kuipeleka posta. Herufi alizisahihisha, utaona. Posta hakuipeleka. Siku ya Jumatano alinijia nayo kwenye lori, pale uani kwao, akaigeuza karatasi ya tatu, na nyuma yake akachora kwa penseli nukta kumi na nne. Picha bado iko, itazame.

Akaniuliza jambo moja tu: ni nani aliyempa baba yake nati za rejeta.

Nilitaka kujibu kwamba ni desturi. Nikafikiri vizuri. Desturi ilisema Mzee Hezekia aanze. Haikusema aanzie wapi. Mimi ndiye niliyewaita wazee kwa umri siku ile ya kwanza, nikahesabu kutoka kwenye rejeta kwa sababu ndipo nilipokuwa nimesimama na chai yangu. Ida akaniuliza nimekula kwao mara ngapi, na je, sijaona baba yake anakaa wapi kando ya moto. Anakaa katikati, Bwana Mhariri. Nahumu kuume kwake, wa tatu kushoto, Kefa baada ya Nahumu, na hivyo hivyo mpaka Silvesta, ambaye hukaa mwisho kabisa karibu na mlango na upepo. Nimekula pale mwaka mzima, na macho yangu yalikuwa kwa mletaji wa chakula.

Basi Mzee Hezekia alipewa nati za katikati, na akaanza yeye. Kila mtu alikaza kwa umri wake, na gasketi ikabanwa kutoka katikati kwenda pembeni kama inavyotaka. Ile mizunguko mitatu Ida aliimaliza kwa maneno machache: matangazo ya ndoa husomwa kanisani Jumapili tatu, na hakuna anayesema mchungaji alishindwa ile ya kwanza. Mzee alikubali papo hapo, na katika mizunguko mitatu hata mkono wa adabu unafika. Silvesta alipofika zamu yake bomba lilikuwa limefichwa na Kefa. Injini ikapata moto, ikapoa, wakaikaza tena huku wakiimba.

Jana tumefika Makambako na kurudi. Rejeta haikuonja maji hata tone. Tulipofika uani Mzee Hezekia aliniita mbele ya ndugu zake akaniambia kwamba nati zote zina wenyewe, ila mfuniko wa rejeta hauna mtu, na kuanzia leo ni wangu. Nikainama nikajifanya naangalia tairi. Jumapili hii linasomwa tangazo la kwanza.

Kwa hiyo tafadhali usiichapishe. Wakubwa wabaki wakubwa, juma lianze siku yake. Nakiri pia kwamba mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano, jambo ambalo Ida ameniamuru nikuandikie kabla hajabandika stempu, kwa sababu amesema barua iliyokwisha kuandikwa lazima iende.

Na leo asubuhi Kefa alitaka kufungua mfuniko wa rejeta aangalie maji. Nimemkatalia mbele ya watu. Kila mtu akae kwenye nafasi yake.